Safu Nyekundu

Kwetu, ukitaka historia ya familia usimsumbue mzee yeyote. Kaa sebuleni, tazama kiambaza cha vioo vya rangi kinachotenganisha sebule na chumba cha kulia, kisha uliza habari za vipande visivyofanana na wenzake.

Kile cha buluu iliyokolea upande wa kushoto ni kichwa cha Baba Mkubwa. Walikuwa wanagombania shati, Baba akamsukuma mkubwa wake, kichwa kikatangulia. Babu, ambaye alikuwa fundi vioo, alianza kwa kumtoa vipande usoni, akamchapa, ndipo akakata kioo kipya. Kwa mpangilio huohuo. Kile cha njano chenye povu ndani ni kigoda kilichokuwa kinamtafuta Baba, naye akainama. Kile cha kahawia kilikuwa chupa ya dawa ya kikohozi. Siku hiyo Babu mwenyewe alimrushia shemeji yake pasi, akamkosa, na karakana ilikuwa imeishiwa kahawia. Shemeji hajawahi kukohoa tena kwetu.

Ndiyo, sisi ni watu wa ngumi. Nyumba nyingine zina albamu ya picha.

Babu alikuwa na hotuba yake ambayo mteja hakuondoka karakana bila kuimeza. Kwamba vioo vya rangi vilianzia kwenye nyumba za ibada, ili asiyejua kusoma asome kwa macho. Kisha matajiri wakaona Mungu anafaidi peke yake, wakavihamishia kwenye ngazi za majumba yao. Kisha wenye nacho kidogo wakaviweka juu ya mlango wa mbele, wapitao wajue humu wanakaa watu. Mwisho vikafika bafuni, maana mtu anataka mwanga uingie lakini jirani abaki nje. Babu alianza kazi vikiwa vimeshafika bafuni. Alipamba bafu za watu mpaka Bibi akamwambia, "Umewapendezesha wote wakiwa uchi. Mimi niliyevaa sina hata kipande."

Hapo ndipo Kiambaza kilipozaliwa. Bibi alichora kwa mkono wake, Babu akakata. Katikati kuna kasuku mkubwa, kutoka kiunoni mwa mtu hadi juu ya utosi, wa kioo cha vipele ambacho huwezi kuona ng'ambo yake. Juu ya kasuku kuna majani ya kijani, na kingo zote ni buluu na njano. Nyuma ya kila safu Babu alipitisha chuma, kuzuia wezi na wanawe. Nyuma ya kasuku tu hakuna chuma. Bibi alikataa. "Humfungi ndege wangu," alisema, na Babu, ambaye hakuogopa mtu mwenye mikono miwili, akaogopa.

Chini kabisa, kuanzia sakafuni hadi kiunoni, ni safu nyekundu tupu. Haikuwa hivyo zamani. Lakini watu wakipigana huishia chini, na miguu, viwiko na makalio huvunja vya chini. Babu alikuwa na kreti la vioo vyekundu, laini, safi, la mteja aliyetaka baa ya nyumbani yenye mwanga wa dhambi, akaokoka kabla kazi haijaisha. Basi kila kilichovunjika chini kikazibwa na nyekundu, mpaka safu nzima ikawa ushahidi.

Babu alishafariki. Karakana tumeachiwa mimi na Baba. Bibi yupo, ila macho yake yameingia ukungu. Sura yangu haioni, huijua sauti, na kwa ajili ya sauti hiyo ananiita Kiherehere. Kitu anachokiona bado ni rangi. Jua likipita dirisha la chumba cha kulia na kuvuka Kiambaza, sakafu ya sebule inajaa rangi, naye anasogeza kiti chake humo, anaweka mikono mapajani, anaigeuzageuza kama anaiosha. "Leo kijani kimeamka vizuri," atasema. Ukitaka kumwona analia, funga pazia.

Sasa unajua kwa nini Baba alikuwa tayari kukifia Kiambaza.

Baba Mkubwa alifika mchana, jua likiwa sakafuni, na pikapu iliyotandikwa magodoro na wapagazi wawili wenye shingo kama mitungi. Mama alikuwa ameshakwenda kwa dada yake. Akisikia Baba Mkubwa anakuja hupatwa na safari kama wengine wanavyopatwa na mafua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hao wanaopumua kama ng'ombe ni akina nani?"

"Wasaidizi."

"Wa kusaidia nini?"

Baba Mkubwa akakohoa. Ni mtu mnene, anayevaa shati la kubana ili unene uonekane ni wa makusudi. "Mama, vioo vya rangi vimerudi. Kila nyumba nzuri sasa inavyo ndani. Nimejenga, na nimeacha ukuta unaokingoja Kiambaza. Mimi ndiye mkubwa. Cha Baba ni changu."

"Baba yenu aliacha na ngiri," Bibi akasema. "Hiyo unaibeba lini?"

Mpagazi mmoja akacheka, akaangaliwa, akaacha.

Vipapi vya mbao vinavyoshikilia vioo kwenye fremu vimepigiliwa upande wa chumba cha kulia, na huko ndiko Baba Mkubwa alikoingia moja kwa moja. Baba alikuwa mezani, anakula. Aliinua macho akamwona kaka yake anapiga magoti mbele ya Kiambaza, anachomoa kutoka mfukoni kisu cha Babu, kile kifupi chenye tumbo tunachokatia mikanda ya madini ya risasi inayounganisha vioo, anaanza kubanjua kipapi.

"Toa mkono," Baba akasema.

"Maliza chakula chako, Kitinda."

"Mama haoni kitu kingine."

"Nitamfungia taa za rangi. Zinawakawaka. Atapenda."

Sahani ilimkuta sikioni. Wali ukaruka, mchuzi ukamwingia kwenye kola, na kabla hajafuta, Baba alikuwa ameshamrukia mgongoni. Baba ni mwembamba lakini ana vidole vya fundi, na fundi vioo akikushika unashikika. Alimkamata kaka yake nywele, akampigiza paji la uso kwenye ukingo wa meza, mara moja, kavu, kama mtu anayevunja yai. Baba Mkubwa akainuka naye mgongoni, akarudi kinyumenyume akamkandamiza ukutani. Nikasikia pumzi ya Baba inatoka yote. Kiwiko kikaingia mbavuni. Jino likaruka, sikujua la nani, likagonga glasi mezani likalia ting, zuri kabisa.

Nilishika kiuno cha Baba nikavuta, nikala teke la goti. Mpagazi mmoja akaingia kuamua; sufuria ikamkuta mdomoni, akatoka amejishika. "Sisi tumeletwa kubeba," akamwambia mwenzake. "Hatukuletwa kufa."

Wakaanguka chini wote wawili, wakawa mnyama mmoja mwenye miguu mingi. Baba Mkubwa akawa juu, akawa chini, akapiga ngumi mbili kwenye uso uleule aliowahi kuubeba mgongoni ukiwa mchanga. Baba akamng'ata kidole mpaka kikalia. Kisha akapata nafasi ya miguu, akamsukuma kwa mabega, hatua kwa hatua, kaka mtu akirudi nyuma huku mikono yake bado inapiga popote inapofika. Mimi nilisombwa nao. Tukatokea sebuleni kwa mpigo, mlango ukafungwa nyuma yetu, ufunguo ukazunguka. Tukasikia kabati la vyombo linaburutwa mpaka mlangoni, sahani za harusi ya Mama zikishuka moja moja.

Kisha zikaisha.

Chumba kile kina mlango huo mmoja, wa mbao ngumu, na dirisha lenye nondo. Asiyetaka kutoka humo hatoki, na ukitaka kuingia utangoja.

Baba Mkubwa aliupiga mlango bega mara kadhaa. Mlango haukumjibu. Akasimama, damu ya mdomo inachuruzika kidevuni, kidole kimevimba kama ndizi, akainama kuchungulia kwenye safu ya chini. Mimi nikachungulia pembeni yake. Baba alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, miguu kanyoosha, kidevu kifuani. Fulana yake nyeupe ilikuwa kama imetoka kuanuliwa.

"Amechoka," nikasema.

"Anaigiza. Tangu utotoni ndiyo kazi yake. Tukipigana akizidiwa analala hivyohivyo, ulimi nje, mpaka Baba arudi anichape mimi. Wewe, inuka," akagonga kioo. "Hakuna wa kunichapa leo."

Baba hakuinuka.

"Muache akae," Bibi akasema kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa katikati ya rangi, mguu mmoja unatikisika kama kawaida yake akikasirika. "Na wewe kaa. Kiherehere, mpe maji huyo asukutue. Asiteme sakafuni kwangu."

Nikaleta maji. Baba Mkubwa akasukutua, akatema dirishani, akakaa. Akajipapasa mfuko wa kulia. Akajipapasa wa kushoto. Akatazama chini ya kiti.

"Kisu cha Baba kiko wapi?"

Wapagazi wakainama kutafuta. Hakikuwa chini ya meza ya sebuleni, wala mlangoni.

Mguu wa Bibi uliacha kutikisika.

"Ulikuwa nacho mkononi?" akauliza.

"Nilikuwa nacho."

"Wakati anakusukuma?"

Baba Mkubwa akautazama mkono wake wa kulia kama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Kitinda," Bibi akaita.

Kimya. Na kwetu, Bibi akiita mtu huitika. Babu alikuwa anaitika akiwa na sabuni machoni.

"Kiherehere. Unamwona?"

"Namwona, Bibi. Amekaa. Hana damu hata tone. Fulana nyeupe kabisa."

"Unamwonea wapi?"

"Hapa chini."

"Hapo chini ni rangi gani?"

Nilikuwa naanza kusema nyekundu, ndipo nikakumbuka. Karakana kwetu kuna sheria ambayo mtu huifundishwa kabla hata hajaruhusiwa kushika kioo. Sisi tunachora kwanza kwenye karatasi, tunalaza kioo juu ya mchoro, tunakata tukifuata mstari. Mstari ukiwa wa kalamu nyekundu, ukilaza kioo chekundu juu yake, unapotea. Karatasi inabaki tupu. Nyekundu hula nyekundu. Ndiyo maana chini ya kioo chekundu Babu alichora kwa mkaa, na kila mwanafunzi aliyesahau alikula kofi la kisogo. Mimi nililila. Baba Mkubwa alilila kabla yangu, kabla hajaikimbia kazi.

Tulitazamana. Najua alikumbuka, kwa sababu mkono wake ulikwenda kisogoni.

Nilipanda kwenye mkono wa kochi, nikajinyoosha juu ya kasuku mpaka jicho likafika kwenye majani ya kijani, nikatazama chini.

Baba yule yule, kabati lile lile. Lakini ubavu wa kushoto, kutoka kwapani hadi kiunoni, ulikuwa mweusi. Mweusi kama mtu aliyemwagiwa oili chafu. Chini yake kulikuwa na dimbwi jeusi, na dimbwi lilikuwa linatembea. Kisu kilikuwa kando ya mguu wake. Alikuwa amekichomoa mwenyewe, akakiweka vizuri, kama fundi.

"Bibi," nikasema, "ni nyeusi. Ubavu mzima."

"Vunja," Bibi akasema.

"Mama, ngoja," Baba Mkubwa akasimama, "mlango tunaweza, mtaimbo ninao, tukipata dakika..."

"Mlango una kabati nyuma. Baba yenu aliutengeneza usivunjike. Vunja kasuku."

"Mama, kasuku..."

"Nimemchora mimi. Unataka kunijulisha ni nani?"

Aliinuka. Alitembea mikono mbele, rangi zikimpanda kwenye kanga, shingoni, usoni, kwenye nywele nyeupe, mpaka akagusa Kiambaza. Akaweka kiganja kifuani mwa kasuku kama anampima mtoto homa. Kisha akarudi hatua, akainua fimbo yake kwa mikono miwili, akapiga.

Jicho la kasuku likaanguka. Jicho tu. Mikanda ya risasi ilibonyea, ikayumba, ikabaki palepale. Akapiga tena, bawa likapasuka. Akapiga tena, fimbo ikakatika.

"Risasi haisikii fimbo," akasema, anahema. "Mkubwa. Mtaimbo."

Baba Mkubwa alikuwa ameushika. Aliuleta kuking'oa Kiambaza polepole, bila kukwaruza, kikiwa kizima. Alimtazama mama yake. Akanisukuma pembeni.

Pigo la kwanza lilipeleka kifua chote cha kasuku upande wa pili. La pili likakata shingo. Vioo viliruka mpaka dari, vikarudi kama mvua yenye meno. Nilifumba macho, nikahisi kitu kinanipita shavuni, moto kwanza, kisha maji. Nilipofumbua, alikuwa ametupa mtaimbo na kuingiza mikono mitupu, anachana mikanda ya risasi kama mtu anayechana gome bichi, na kila alipovuta, kipande kilichobaki kilimkata. Mikono yake ilikuwa imepasuka hadi viwiko. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anahesabu matusi, yote ya mdogo wake.

Akatumbukiza kichwa na mabega. Tumbo likagoma.

"Msukumeni," Bibi akasema.

"Wapi, Mama?" mpagazi akauliza.

"Unaona kipi kingine?"

Wapagazi wakaweka mikono kwenye makalio yake wakasukuma. Shati la kubana likachanika, na meno ya kioo yaliyobaki kwenye fremu yakamchora tumbo kutoka kitovuni hadi kifuani, mistari myekundu, mirefu, iliyonyooka. Akaangukia upande wa pili kwa uso.

Na mimi nikatazama kwenye lile tundu, bila kioo chochote, ndipo nikaiona nyekundu. Ilikuwa kila mahali. Kwenye fulana, kwenye sahani za harusi, kwenye kabati hadi mbao ya pili. Sakafu nyeupe ilikuwa imekwisha.

Baba Mkubwa alitambaa juu ya vioo. Akakunja ngumi ileile, akaisokomeza kwapani mwa mdogo wake, akaegemea kwa uzito wake wote, na uzito wake si haba. "Amka, mjinga wewe. Amka nikuue vizuri. Kiherehere, kamba ya mzigo!"

Nilimrushia. Alifunga bega kwa kamba aliyokuja nayo kufungia Kiambaza, akalisukuma kabati kwa mgongo, akazungusha ufunguo, mlango ukafunguka. Tulimbeba Baba, tukamlaza kwenye magodoro yaliyotandikwa kwa ajili ya vioo. Nilipogeuka, Bibi alikuwa amesimama mbele ya tundu. Kifuani mwake, pale ambapo kila siku alikuwa anavaa kasuku, kulikuwa na mwanga mweupe tu.

"Nendeni," akasema. "Mimi nabaki."

Njiani Baba alifungua jicho moja, kwa kuwa la pili lilikuwa limefungwa na ngumi.

"Kimevunjika?" akauliza.

"Kimevunjika," Baba Mkubwa akajibu.

"Nani?"

"Mama."

"Mwongo," Baba akasema, akainua mkono mzima akampiga kaka yake kofi. Lilikuwa kofi la kichanga, lingeua nzi mgonjwa. Baba Mkubwa akageuza shavu la pili, akilia, akamwambia apige na hapa. Baba alikuwa ameshazimia tena.

Hospitalini walimshona. Walimwongezea damu, na ya kuongeza waliitoa kwa Baba Mkubwa, jambo ambalo Baba analalamikia mpaka leo. Anasema tangu siku ile anatamani mashati ya kubana.

Wale ndugu wawili walipopona kiasi cha kusimama, Bibi aliwaamuru waingie karakana pamoja. Kiambaza kilikuwa juu ya meza, mifupa ya risasi iliyopinda. Baba alikuwa na mkono mmoja tu unaofanya kazi, Baba Mkubwa hawezi kuinama kwa sababu ya nyuzi tumboni. Ukiwajumlisha unapata fundi mmoja mwenye vinywa viwili. Bibi alikaa kwenye kigoda, akawa anawasomea kasuku kutoka kichwani: hapa bawa linapinda, hapo shingo si nene hivyo, mnamchora kuku.

Tukafika chini. Baba akavuta kreti la vyekundu.

"Unatoa nini?" Bibi akauliza, alisikia mlio.

"Nyekundu. Bado ipo."

"Irudishe. Chini weka kioo kitupu."

"Kitupu, Mama?" Baba Mkubwa akasema. "Kitafanana na dirisha la duka. Na wewe utapungukiwa rangi miguuni."

"Nipungukiwe. Siku mtakapouana tena, nataka anayechungulia aone."

Baba Mkubwa akachukua kioo kitupu, akakilaza mezani, akapima, akaburuta gurudumu la kukatia. Hakuwa amekata kioo tangu ujana. Mstari ukaenda kombo, kioo kikapasuka mahali pabaya.

"Kipofu," Baba akamwambia.

Nyundo ilikuwa karibu na mkono wa Baba Mkubwa. Niliona vidole vinafunga mpini, vile vyenye makovu mapya, niliona bega linapanda. Baba hakuinama. Kati yao kulikuwa na kioo kitupu kingine, kinachongoja zamu, kimesimamishwa kwenye ubao, na kila mmoja aliweza kumwona mwenzake vizuri, hadi jasho.

"Nini?" Bibi akauliza. "Mbona kimya?"

Baba Mkubwa akaiweka nyundo chini.

"Hakuna, Mama," akasema. "Natafuta kipande kingine."